Mstaafu na Kalamu: Funzo la Muhammed Said Abdulla

Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, ni mji uliokua mbele ya macho ya watu walio hai. Ranchi ya kikundi ya wafugaji wa Kimaasai iligawanywa mwaka 1988, viwanja vikauzwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakajenga. Miongoni mwa wakazi wa mji huo, na wa Kajiado kwa jumla, wamo walimu, wauguzi, makarani na maafisa wa mifugo waliokwisha kustaafu. Mtu wa namna hiyo akishika kalamu, jamaa zake huona kuwa anajiliwaza tu, na wahakiki wa fasihi aghalabu hawamwoni kabisa. Historia ya riwaya ya Kiswahili haiungi mkono dharau hiyo. Ushahidi wake ulio wazi unapatikana Unguja, katika maisha ya Muhammed Said Abdulla.

Abdulla alizaliwa Makunduchi tarehe 25 Aprili 1918. Alipomaliza masomo ya sekondari mwaka 1938 aliingia Idara ya Afya akiwa mkaguzi, yaani bwana afya, akadumu huko miaka kumi. Mwaka 1948 aliiacha kazi hiyo akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika muongo uliofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 alihamia Mkulima, jarida la kilimo, akabaki huko mpaka alipostaafu mwaka 1968. Alifariki mwaka 1991.

Mabadiliko hayo ya kazi hutajwa kwa kupitia tu, kisha mjadala hukimbilia kwa Sherlock Holmes. Kufanana kupo bila shaka: Bwana Msa ana kiko chake, na Najum huandamana naye kama Watson. Lakini kiko hakitoshi kueleza fikra za mpelelezi huyo. Ubwana afya ni kazi ya kuingia katika nyumba za watu, kuchungulia visima na mitaro, kuuliza maswali ambayo mwenyeji hapendi kuyajibu, na kutafuta chanzo cha maradhi pale ambapo majirani wamekwisha kutaja jini au uchawi. Riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale imejengwa juu ya mvutano wa aina hiyohiyo. Maiti imekutwa mzimuni, wengi wana lao la kusema juu ya mizimu, naye Bwana Msa hatulii mpaka auone mkono wa binadamu. Si lazima kudai kuwa kisa hicho kilitoka katika daftari la ukaguzi. Inatosha kutambua kwamba macho yanayotazama ni macho ya mkaguzi.

Magazeti nayo yalikuwa chuo cha pili. Al Falaq ilikuwa sauti ya Jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu ilisimama upande wa Waafrika. Si jambo dogo kwamba mtu mmoja alizitumikia pande hizo mbili zilizohasimiana kabla ya Mapinduzi ya 1964. Mhariri wa namna hiyo hujizoeza kuwasikiliza watu wasiopatana, na riwaya za Abdulla, ambazo huendeshwa kwa mazungumzo zaidi kuliko kwa matendo, zinaonyesha manufaa ya zoezi hilo.

Hapana budi sasa kuzitazama tarehe za vitabu vyenyewe. Mzimu wa Watu wa Kale ilitoka mwaka 1960, na Kisima cha Giningi mwaka 1968, mwaka uleule wa kustaafu. Zilifuata Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Katika riwaya hizo saba, tano zilichapishwa baada ya mwandishi kuacha kazi, na ya mwisho ilitoka akiwa na umri wa miaka 66.

Yamkini msomaji atahitimisha kwamba kustaafu ndiko kulikomzaa mwandishi. Tarehe zinakanusha. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika shindano la uandishi la mwaka 1957-58 lililoandaliwa na East African Literature Bureau, asasi iliyokuwa na makao yake Nairobi. Ushindi huo ulitangulia kustaafu kwake kwa miaka kumi. Baadaye East African Publishing House, pia ya Nairobi, ilimchapishia Duniani Kuna Watu. Kwa hiyo nafasi aliyoipata mstaafu wa Unguja ilizaa matunda kwa kuwa mlango ulikwisha kufunguliwa alipokuwa bado kazini, na waliokuwa na funguo walikuwa mwendo mfupi tu kutoka Kitengela.

Hapo ndipo suala linapowahusu wanazuoni wa lugha. Afisa wa mifugo aliyefanya kazi Kajiado miaka thelathini amesikia Kiswahili na Kimaa vikikutana josho kwa josho, soko kwa soko. Muuguzi wa zahanati anajua jinsi mgonjwa anavyoyataja maumivu yake katika lugha isiyo ya mama yake. Msamiati huo haumo katika kamusi, na wenye kuujua wanazeeka. Idara za lugha zikingoja miswada iletwe mlangoni, mingi haitafika. Mfano wa Abdulla unaonyesha kwamba mwandishi hutafutwa mapema, kwa mashindano, kwa semina za uandishi na kwa wahariri wanaojibu barua, angali na ofisi yake na kabla hajaandaliwa karamu ya kuagwa.