Mwaka 1572 katika fasihi ya Ulaya

Mwaka 1572 ni miongoni mwa miaka mikuu ya fasihi ya Ulaya katika zama za Renaisansi, yaani mwamko wa elimu na sanaa uliochota mengi kwa Wagiriki na Warumi wa kale. Kwa mwambao wa Kenya una uzito wa pekee, kwa kuwa ndio mwaka ambao utenzi mashuhuri wa Kireno, Os Lusíadas, ulipigwa chapa Lisbon, na ndani yake Malindi imepewa nafasi ambayo mji mwingine wowote wa Waswahili haukuipata.

Utenzi na mtunzi wake

Luís de Camões, aliyezaliwa yapata mwaka 1524, alikwenda Goa, India, mwaka 1553 akiwa askari. Wakati wa kurejea alikwama kisiwani Msumbiji katika ufukara mkubwa, hadi rafiki zake, akiwemo mwanahistoria Diogo do Couto, walipomsaidia kupata safari, akafika Lisbon mwaka 1570. Mfalme Sebastião wa Ureno alitoa idhini ya kuuchapa utenzi huo Septemba 1571, naye António Gonçalves akauchapa. Una kanto, yaani sehemu kuu, 10, zenye beti 1,102 za mishororo minane minane. Mishororo sita ya kwanza hupokezana vina viwili, na miwili ya mwisho hufungwa kwa kina cha tatu. Nakala zenye tarehe ya 1572 ni za aina mbili, na hutambulikana kwa ndege mwari aliyechorwa kwenye ukurasa wa jina, ambaye katika moja anatazama kushoto na katika nyingine kulia.

Malindi katika Os Lusíadas

Utenzi unasimulia safari ya Vasco da Gama ya kwenda India, iliyoanza mwaka 1497. Msumbiji na Mombasa zimechorwa kama miji ya hila, na Malindi kama bandari ya wema. Mwishoni mwa kanto ya pili mfalme wa Malindi anamwomba Gama aeleze habari za nchi yake, na kanto ya tatu, ya nne na ya tano ni jibu la ombi hilo. Hivyo visa vinavyosifiwa zaidi, kama kifo cha Inês de Castro na jitu Adamastor linalolinda rasi ya kusini mwa Afrika, vyote vinasimuliwa Malindi. Hata hivyo mfalme huyo hatajwi jina, wala hapewi nafasi ya kusimulia historia ya mji wake kwa urefu kama huo.

Shajara ya safari yenyewe inaeleza kwamba merikebu ziliondoka Mombasa tarehe 13 Aprili 1498, zikaambaa na pwani ambayo leo ina Kikambala na Kilifi, na kutia nanga Malindi siku iliyofuata jua likitua. Mtawala alikuja kwa mashua, amevaa joho la hariri na kukaa chini ya mwavuli mwekundu, huku zikipulizwa kwa tundu la ubavuni baragumu mbili za pembe za ndovu zilizonakshiwa, ndefu kama kimo cha mtu. Maelezo hayo yanaafikiana barabara na siwa, pembe ya enzi ya watawala wa Waswahili, lakini Camões aliieleza sauti yake kama kelele kali isiyo na mpangilio. Aidha, utenzi unayahusisha mapokezi hayo na msaada wa miungu ya Kirumi, ilhali Malindi ilikuwa na sababu yake ya kisiasa: ilishindana na Mombasa, na ilihitaji mshirika.

Matukio mengine ya 1572

Nchini Ufaransa Pierre de Ronsard alitoa La Franciade, utenzi ambao hakuukamilisha. Nchini Hispania mshairi Luis de León alitiwa gerezani na mahakama ya Kanisa. Mtunzi wa tamthilia Ben Jonson alizaliwa Uingereza.

Baada ya 1572

Camões alipewa posho ya réis 15,000 kwa mwaka, akafariki tarehe 10 Juni 1580, siku ambayo sasa ni sikukuu ya taifa la Ureno. Malindi iliyosifiwa ilififia baada ya Wareno kuanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593 na mtawala wake kuhamia huko. Nguzo ya Vasco da Gama ingali Malindi, nayo hutembelewa na watalii.