Soko Tembezi: Istilahi na Gharama Yake

Mwambie mtu wa Nairobi au Dodoma kwamba kesho kijijini kwake kutakuja "soko la mobile", naye atauliza kama linauza simu au vocha. Neno hilo lilitujia kupitia simu za mkononi, na limeganda huko. Katika habari za chakula na kilimo, hata hivyo, Wamarekani na Waingereza wakisema "mobile market" wana kitu kingine akilini: lori, basi au gari lenye jokofu linalochukua mboga, matunda, mayai na nyama kutoka mashamba ya karibu, likaenda kuviuza kwa watu wasio na duka la vyakula jirani. Gari hilo husimama kituo baada ya kituo, kwa siku na saa zinazojulikana.

Dhana hii haijapata jina moja la Kiswahili. Wafasiri wa miradi huandika "soko linalotembea", wengine "soko la kuhamahama", wengine "soko la magurudumu", na wapo wanaouliza kwa nini tusitumie "gulio" tu, neno tulilo nalo tangu zamani. Kabla ya kuchagua, tuitazame kazi yenyewe, maana istilahi huchaguliwa kwa kuifahamu dhana.

Biashara ya kuuza vyakula kwa gari vijijini si ngeni. Katika nyanda za juu za Scotland na visiwani mwake, magari ya waokaji, wauza samaki na wauza nyama yalizunguka kwa miongo mingi, kila kitongoji na siku yake. Kilichoongezeka katika dhana ya leo ni kusudi. Soko hili huanzishwa kwa sababu mahali fulani pamekosa chakula kibichi, na huanzia mashamba ya eneo hilo hilo ili mkulima naye apate mnunuzi.

Nchini Marekani kusudi hilo lilipata msukumo baada ya Sheria ya Kilimo ya 2008 kuiagiza Wizara ya Kilimo ichunguze kile kinachoitwa huko "majangwa ya chakula". Ripoti ya uchunguzi huo ilitoka 2009. Katika vipimo vya wizara hiyo, mtu wa mjini huhesabiwa kuwa mbali na chakula akiishi zaidi ya maili 1 kutoka duka kubwa la vyakula. Wa kijijini, zaidi ya maili 10, yaani kama kilomita 16. Kwa mwenye gari umbali huo ni safari fupi. Kwa mzee asiyeendesha tena, au mama ambaye gari pekee la nyumbani limekwenda kazini na mumewe, umbali huo ndio unaoamua kama wiki hii nyumbani kutaliwa mchicha au kutaliwa vya kopo.

Linaloshangaza ni kwamba mengi ya majangwa hayo yamezungukwa na mashamba. Katika majimbo kama Iowa mtu anaweza kuendesha gari saa nzima katikati ya mahindi na soya asione bustani ya nyanya. Mahindi hayo hayaendi jikoni. Sehemu kubwa huwa lishe ya mifugo na ethanoli ya kuchanganya na petroli. Maduka madogo ya vijijini nayo yamefungwa kadiri watu walivyohamia mijini na maduka makubwa yalivyovuta wateja waliobaki. Kwa hiyo kijiji chaweza kuwa na udongo mzuri, mvua na wakulima, kikakosa letusi.

Mfano ulio wazi zaidi uko New Mexico. Mradi wa MoGro ulianza huko 2011 kwa lori lenye majokofu lililokwenda kwenye vijiji vya Wapueblo, wenyeji wa asili wa eneo hilo, kikiwemo Santo Domingo, ambacho watu wake hukiita Kewa. Wateja walipanda ngazi, wakachagua bidhaa rafuni kama dukani, wakalipa na kushuka. Baadaye mradi uliacha duka la lori ukageukia makasha ya mboga na matunda yanayoagizwa mapema na kuchukuliwa vituoni. Badiliko hilo lina maana kwa mtunga istilahi, kwa sababu huduma iliendelea ingawa duka la lori halikuwepo tena. Anayelifunga jina la dhana kwenye lori, au kwenye magurudumu, amelifunga kwenye kitu kinachoweza kuondoka.

Magharibi ya hapo liko Taifa la Navajo, lililoenea katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 70,000, kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na maduka makubwa ya vyakula yaliyomo humo hayafiki hata 20. Mwaka 2014 viongozi wa taifa hilo waliondoa kodi ya asilimia 5 kwenye matunda na mboga mbichi, na wakapitisha kodi ya ziada ya asilimia 2 kwenye vyakula na vinywaji visivyo na lishe. Sheria hiyo iligusa bei. Barabara ilibaki na urefu wake, na urefu huo ndio ambao soko la aina hii hujaribu kuubeba kwa niaba ya mnunuzi.

Sasa tupime majina.

"Soko la mobile" litupwe mara moja. Litampoteza msomaji kabla hajaanza. "Soko la kuhamahama" nalo lina kasoro. Anayehamahama huondoka na mifugo, mke na vyombo, na hakuahidi kurudi Alhamisi ijayo saa nne. Soko tunalolizungumzia huishi kwa ahadi hiyo. Likikosa kutokea kituoni mara mbili mfululizo, mteja hurudi kwenye vya kopo na imani huvunjika. "Soko la magurudumu" lina mvuto masikioni, lakini MoGro imekwisha kutuonyesha udhaifu wake, na Kenya inatuonyesha zaidi. Tangu 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya imepeleka vitabu kwa wafugaji wa Garissa kwa ngamia. Ngamia hana gurudumu, na huduma ile inatembea. Vivyo hivyo soko la mboga katika visiwa vya Ukerewe au vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika lingehitaji mashua.

"Gulio" ni mshindani wa kweli. Ni neno la nyumbani kabisa: mzizi wake ndio ule ule wa "okugula" ya Kiganda na "kugura" ya Kinyarwanda na Kirundi, yaani kununua, na kiishio chake kinataja mahali pa kufanyia tendo. Gulio lina siku yake, kama ulivyo mnada wa Msalato kule Dodoma siku ya Jumamosi. Hata hivyo muundo wake ni tofauti. Gulioni wauzaji ni wengi na kila mmoja amejileta: huyu na mafungu ya viazi, yule na mitumba, mwingine na kuku. Bei hupatanwa papo hapo. Katika soko tunalolitafutia jina, mwendeshaji ni mmoja. Amenunua kwa wakulima kadhaa, amepanga bei, naye ndiye anayekwenda kwa wanunuzi. Tukiliita gulio tutakuwa na neno moja kwa vitu viwili, na mwanafunzi wa kilimo atakayesoma kwamba "gulio hupokea ruzuku ya serikali" atadhani wauza mitumba wa wilayani kwake wamepata neema.

Mchuuzi je? Mama mboga wa Nairobi na kijana wa Dar es Salaam anayesukuma guta la machungwa wanapeleka chakula mlangoni kila siku, na hakuna aliyewaandikia mradi. Lakini mchuuzi huchagua njia yenye watu na fedha, na ana haki, maana anakula kutokana na mauzo yake. Soko hili huchagua njia ambayo mchuuzi ameikimbia.

Hata hivyo, kwa wachuuzi ndiko liliko neno tunalolitafuta. Kiswahili hakisemi mchuuzi "anatembea" na mboga zake, kinasema anazitembeza. Tofauti ya "kutembea" na "kutembeza" ni ndogo kwa herufi, kubwa kwa maana. Kitembeacho hujiendea. Kinachotembezwa kina mtu nyuma yake anayetoka jasho. Hapa ndipo "soko linalotembea" linaponishinda kulikubali, ingawa Mahakama ya Tanzania imelizoesha umbo hilo kwa Mahakama Inayotembea. Linaficha kwamba mwendo una mlipaji.

Na mlipaji ndiye kiini cha suala zima. Soko la kawaida hukaa, na gharama ya safari humwangukia mnunuzi: nauli, muda, miguu. Soko la kutembezwa huihamisha gharama hiyo kwa muuzaji. Kuna gari, dereva, mafuta, bima na umeme wa jokofu. Kuna mboga inayonyauka kati ya kituo cha tatu na cha nne. Vijijini, ambako kila kituo kina wateja wachache na kati ya vituo kuna kilomita nyingi, mauzo ya nyanya na karoti ni nadra kutosha kuyalipa yote hayo. Hata mjini haikuwa rahisi. Jijini Chicago mradi wa Fresh Moves ulianza 2011 kwa basi kuukuu la usafiri wa umma lililogeuzwa duka la mboga. Mwaka 2013 ulisimama kwa kukosa fedha, ukafufuliwa 2015.

Ndiyo maana masoko haya huegemea nguzo nyingine. Ya kwanza ni kadi za SNAP, mpango wa serikali ya Marekani wa kuwasaidia wenye kipato kidogo kununua chakula. Soko likiidhinishwa kuzipokea, wateja huongezeka. Ya pili ni ruzuku ya kumwongezea mteja wa SNAP fedha za matunda na mboga, kupitia mpango ambao tangu Sheria ya Kilimo ya 2018 unaitwa kwa jina la Gus Schumacher, aliyekuwa ofisa wa Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo. Ya tatu ni wahisani. Mkulima naye hupata ahueni yake: anauza mzigo mara moja kwa bei ya jumla, iliyo chini kuliko ya rejareja, lakini anaokoa siku nzima ambayo angeikaa nyuma ya meza akingoja wateja.

Liko neno jingine katika dhana hii linalotega wafasiri: chakula cha "local". Wengi huandika "chakula cha kienyeji". Kosa hilo ni kubwa, kwa kuwa kwetu "kienyeji" hutaja aina. Kuku wa kienyeji akisafirishwa kutoka Singida hadi Mombasa hubaki wa kienyeji, na nyanya chotara iliyolimwa nyuma ya nyumba haiwi ya kienyeji. Wamarekani hapa wanapima umbali: sheria ile ile ya 2008, kwa ajili ya mikopo ya miradi ya chakula, ililitambua zao kuwa la karibu likiuzwa chini ya maili 400 kutoka lilikotoka, au ndani ya jimbo hilo hilo. Maili 400 ni kama kilomita 640. Kwa kipimo hicho nyanya za Ilula, Iringa, ni zao la karibu zikifika Kariakoo. Basi "mazao ya karibu" ndiyo tafsiri salama, na mwandishi aseme karibu kiasi gani.

Kwetu mwendo wa mazao mara nyingi ni wa upande mmoja. Fuso huingia kijijini tupu, hutoka na magunia ya lumbesa, na dalali hupanga bei mjini. Vijiji vya wakulima vina mboga zao, havihitaji gari la kuwaletea. Dhana hii ingefaa kwenye maeneo ya wafugaji na ya ukame, kama Marsabit, Wajir au Simanjiro, ambako kabichi hufika kwa kubahatisha na kwa bei ya juu. Tayari tunajua kuandaa huduma za namna hiyo. Wauguzi wa Tanzania wana "huduma za mkoba", wanapobeba chanjo hadi kitongoji kisicho na zahanati, na magazeti huandika "kliniki tembezi". Umbo hilo la pili ndilo ninalolipigia kura.

"Soko tembezi" ni fupi, lina ndugu katika afya, halikufungwa kwenye gari wala ngamia, na linazaa: anayeliendesha ni mtembeza soko, kazi yake ni kutembeza soko, pale linaposimama ni kituo cha soko. Fasili yake iwe hivi: soko tembezi ni huduma ya kuuza chakula, hasa mazao ya karibu, inayopelekwa na mwendeshaji mmoja kwenye vituo kadhaa visivyo na duka la vyakula jirani, kwa ratiba inayojulikana. "Gulio" libaki kwa wauzaji wengi wanaokutana mahali pamoja, na "uchuuzi" kwa anayejitafutia riziki njiani.

Waandishi wa miradi, walimu wa kilimo na wahariri, litumieni hivyo ili Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lipate cha kusanifisha. Na mtakapoulizwa kama soko tembezi litaanzishwa wilayani kwenu, jambo la kwanza kuuliza liwe nani atalipia mafuta.