Waliozunguka Dunia Peke Yao na Bahari Iliyowapima

Mwishoni mwa mwaka 1965, kaskazi ikiwa ndiyo kwanza inashika, mashua ya mbao za mtiki isiyofika urefu wa meta 10 iliondoka Bombay ikiwa na vijana watatu. Nahodha wake, Robin Knox-Johnston, alikuwa na umri wa miaka 26. Alikuwa afisa wa kampuni ya British India, ambayo meli zake zilitia nanga mara kwa mara Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Mashua hiyo aliipa jina la upepo wa mabaharia wa Ghuba: Suhaili. Akiwa na ndugu yake na rafiki yao mmoja, alivuka Bahari ya Arabuni, akateremka mwambao wa Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini, kwa njia ileile ambayo majahazi ya Waarabu na Wahindi yalikuwa yakiipita kila msimu. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulikuwa haujatimiza hata miaka miwili.

Huko Afrika Kusini fedha ziliwaishia, ikabidi wafanye kazi kwanza. Baadaye wakatweka tanga tena kutoka Cape Town, wakafika London kwa siku 74 bila kutia nanga popote. Tarehe 14 Juni 1968 Knox-Johnston alitoka tena na mashua hiyo hiyo, safari hii peke yake, kutoka Falmouth nchini Uingereza. Gazeti la Sunday Times lilikuwa limetangaza zawadi kwa yeyote atakayezunguka dunia kwa tanga, peke yake, bila kusimama. Walioanza walikuwa tisa. Aliyefika ni yeye mmoja.

Alikaa baharini siku 312. Wimbi liliilaza Suhaili ubavu alipoingia bahari za kusini, chumba kikatikisika hadi kwenye viungo vyake na maji ya kunywa yakaharibika, akawa anakinga ya mvua. Redio ilikufa. Chombo cha kushika usukani chenyewe kilivunjika, akaendelea kwa kuyapanga matanga mpaka mashua ishike njia yenyewe. Alirudi Falmouth tarehe 22 Aprili 1969, na zawadi ya pauni 5,000 akaitoa kwa familia ya Donald Crowhurst, mshindani mwenzake aliyepotea baharini akiwa ameacha mke na watoto wanne.

Safari hiyo ndiyo iliyofungua mlango kwa vijana wadogo zaidi, ingawa mmoja wao alikuwa tayari njiani.

Robin Lee Graham aliondoka California mwezi Julai 1965 akiwa na miaka 16, katika mashua ya meta 7 iitwayo Dove. Hakuwa na haraka. Alitia nanga visiwani, akakaa, akapenda. Fiji alikutana na Patti, msichana wa Kimarekani aliyekuwa akisafiri kwa namna yake, na baadaye wakafunga ndoa Afrika Kusini. Jarida la National Geographic lilikuwa likichapisha habari zake, na Wamarekani wakamfuata bandari kwa bandari kama watu wanavyofuata mchezo wa redio.

Bahari ya Hindi ndiyo iliyompima kuliko zote. Saa chache tu baada ya kuviacha visiwa vya Cocos, mlingoti ulikatika. Kijana huyo alikuwa na miaka 18, peke yake, na nchi kavu iliyokuwa mbele yake ni Mauritius, maili 2,300. Hakuweza kurudi, kwa sababu kusi ilikuwa ikisukuma kuelekea magharibi. Aliunganisha vipande, akafunga tanga la kubahatisha, akaenda hivyo hivyo mpaka akafika.

Upepo uliomfikisha Mauritius ni ndugu wa ule unaowafungia wavuvi wa Kunduchi, Ununio na Mbweni, jijini Dar es Salaam, ufukweni mwezi Julai. Mwaka kwa mwaka, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya mawimbi yanayozidi meta mbili, na vyombo vidogo hubaki vimevutwa mchangani. Wazungukao dunia nao wana kalenda hiyo. Wengi huondoka kaskazini mwa Australia kusi ikiwa imetulia katika nguvu zake, wapite Mauritius na Réunion, wafike Durban kabla vimbunga vya kiangazi havijaanza. Wanaokwenda Bahari ya Shamu husubiri kaskazi. Ndivyo alivyofanya Tania Aebi wa New York, aliyeanza mwaka 1985 akiwa na miaka 18: kutoka Sri Lanka hadi Bahari ya Shamu, kisha Suez, na nyumbani mwaka 1987. Miongo kadhaa kabla yake, manahodha wa Sur na Kuwait walikuwa wakija Zanzibar na Rufiji kwa kaskazi, wakipakia boriti za mikoko na kurudi na kusi. Kalenda ni moja.

Graham alifika Los Angeles tarehe 30 Aprili 1970, akiwa na miaka 21 na mke mwenye mimba. Hapo ndipo inapoanza sehemu ya hadithi ambayo magazeti huwa hayana subira nayo. Chuo Kikuu cha Stanford kilimpokea. Hakudumu hata mwaka. Mtu aliyekuwa akiamua mwenyewe saa ya kulala, njia ya kushika na tanga la kupunguza alijikuta katika ukumbi wa vijana wa rika lake ambao hawakuwa wameona aliyoyaona, naye hakuwa na la kuwaambia. Huzuni ilimshika. Yeye na Patti waliuacha mji, wakahamia milima ya Montana, mbali kabisa na maji ya chumvi, wakajenga nyumba kwa mikono yao. Akawa seremala. Kitabu cha safari kilitoka mwaka 1972 na filamu mwaka 1974, lakini mwaka 1983 alitoa kitabu cha pili, kuhusu maisha baada ya kurudi. Kwa mzazi mwenye mtoto wa miaka 16 anayetaka sifa za dunia, hicho cha pili ndicho cha kusoma kwanza.

Miaka 40 baadaye mambo yalibadilika. Kati ya 2009 na 2012 lilizuka shindano la nani mdogo zaidi. Zac Sunderland wa Marekani alimaliza Julai 2009 akiwa na miaka 17. Wiki chache baadaye Mwingereza Mike Perham, naye wa miaka 17 lakini mdogo kwake kwa miezi, akaichukua sifa hiyo. Jessica Watson wa Australia alirudi Sydney tarehe 15 Mei 2010, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 17, baada ya siku 210 bila kusimama. Mwezi uliofuata Abby Sunderland, dada yake Zac, akiwa na miaka 16, alivunjikiwa mlingoti katikati ya Bahari ya Hindi. Aliwasha vifaa vya kuomba msaada, ndege ikarushwa kutoka Australia ikamwona, na meli ya uvuvi ya Kifaransa ikamfikia tarehe 12 Juni. Mashua yake ikaachwa huko. Watu wengi waliwalaumu wazazi. Lawama hizo zilikuwa na uzito wake, lakini binti huyo alifuata kila alichofundishwa, na ndiyo maana alikuwa hai.

Wakati huohuo njia ya kaskazi ilikuwa imefungwa na bunduki. Oktoba 2009 Waingereza wawili, Paul na Rachel Chandler, waliondoka Ushelisheli wakielekea Tanzania katika mashua yao Lynn Rival. Hawakufika. Maharamia wa Kisomali waliwateka na kuwashikilia zaidi ya mwaka mmoja, mpaka Novemba 2010. Februari 2011 Wamarekani wanne waliuawa katika mashua Quest baada ya kutekwa katika Bahari ya Arabuni. Kwa bandari za Mtwara hadi Lamu, miaka hiyo ilikuwa ya ukame wa wageni wa baharini.

Ndipo akapita Laura Dekker. Alizaliwa New Zealand, ndani ya safari ya mashua ya wazazi wake, akakulia Uholanzi. Alipotangaza akiwa na miaka 13 kwamba atazunguka dunia, mahakama ya Uholanzi ilimweka chini ya uangalizi wa serikali, na ilichukua mpaka Julai 2010 kabla ya kuachiwa. Aliondoka akiwa na miaka 14. Alipofika Darwin aliamua kuiepuka Ghuba ya Aden kwa sababu ya maharamia, akavuka Bahari ya Hindi moja kwa moja hadi Durban, wiki kama saba bila kuona nchi. Tarehe 21 Januari 2012 alitia nanga Sint Maarten akiwa na miaka 16.

Shirika la kumbukumbu za dunia la Guinness lilikuwa limekwisha acha kutambua rekodi za umri mdogo, kwa hiyo hakupata hata cheti. Hilo lilikuwa jambo jema, maana lilipunguza mbio za kuwatosa watoto baharini kwa ajili ya tarehe ya kuzaliwa.

Maisha ya baadaye yaliwachukua kila mmoja upande wake. Watson alisoma usimamizi wa biashara, akafanya kazi za ofisini, akapitia msiba wa kufiwa na mwenzi wake mwaka 2021. Knox-Johnston alianzisha mbio za Clipper mwaka 1996 ili watu wa kawaida, wahasibu na wauguzi, waweze kuvuka bahari chini ya nahodha mwenye ujuzi. Dekker alianzisha taasisi ya kuwachukua vijana baharini kwa makundi. Mashua yake Guppy aliitoa kwa ajili ya mafunzo ya vijana, nayo ikapanda mwamba katika visiwa vya Cook mwaka 2018. Wenye furaha zaidi miongoni mwao, kwa kadiri maisha yao yanavyoonekana hadharani, ni wale waliopata cha kuwafanyia wengine.

Na upande wetu? Mwambao huu ulikwisha kutuma chombo mbali zamani sana. Mwaka 1840 Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Sultani Sayyid Said, aliongoza safari ya merikebu Sultana kutoka Zanzibar, kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, hadi New York, alikofika tarehe 30 Aprili na shehena ya tende, pembe za ndovu, karafuu na kahawa. Merikebu hiyo nayo, kama Suhaili, ilijengwa Bombay. Mji wote ulitoka kumtazama, na mchoraji akamchora picha iliyobaki mpaka leo.

Ujuzi haukuwahi kupungua katika ufukwe wa Msasani, Kunduchi na Kigamboni. Mtoto wa miaka kumi huanza kwa kukumba maji kwa kopo, kisha hupewa kamba ya tanga, kisha usukani baba akiwa amelala. Akifika miaka 15 anaweza kuipeleka ngalawa kisiwani Mbudya na kuirudisha peke yake, akibisha dhidi ya upepo, bila injini na mara nyingi bila jaketi la kuokolea. Katika ghuba hiyohiyo ya Msasani, watoto wa familia zenye uwezo hujifunza tanga kwenye vimashua vidogo vya Optimist, wakiwa na mwalimu, jaketi na boti ya uokoaji pembeni. Makundi hayo mawili yanaonana kila Jumamosi. Ni hasara kubwa kwa taifa kwamba hayafundishani. Wa kwanza wana macho ya kuisoma bahari. Wa pili wana ramani, sheria za njia za meli na vyeti.

Kinachowazuia wa kwanza si woga. Ni bei ya chombo kinachofaa bahari kuu, viza za nchi thelathini, na miezi ya mazoezi baharini ambayo hata mhitimu wa Chuo cha Bahari Dar es Salaam huhangaika kuipata.

Afrika Kusini imeonyesha kwamba inawezekana. Neal Petersen alizaliwa Cape Town mwaka 1967, katika familia ya watu waliobaguliwa na makaburu, akiwa na ulemavu wa nyonga. Alipiga mbizi kutafuta almasi ili apate fedha, akajenga mashua yake mwenyewe, na katika mbio za Around Alone za 1998 na 1999 akawa mtu mweusi wa kwanza kushindana peke yake kuzunguka dunia na kumaliza. Tangu hapo kazi yake imekuwa kuzungumza na watu, zikiwamo shule.

Kisha akaja Kirsten Neuschäfer. Mbio za Golden Globe, yaani zile za Sunday Times zilizofufuliwa mwaka 2018 kwa heshima ya Suhaili, hukataza vifaa vya kisasa vya kuongozea njia: baharia hutumia sekstanti, jua na nyota. Novemba 2022, kusini-mashariki ya Port Elizabeth, mashua ya mshindani wake kutoka Finland, Tapio Lehtinen, ilizama kwa dakika chache. Neuschäfer aligeuza njia, akasafiri usiku kucha, akamtafuta mtu mmoja katika chelezo cha kuokolea kwenye bahari yote ile, akampata, akamkabidhi kwa meli ya mizigo, kisha akaendelea na mbio. Alishinda tarehe 27 Aprili 2023, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo.

Mbio hizo zinahitaji hasa ujuzi ambao wazee wa Kunduchi wanao: kujua saa kwa nyota, kuhisi mabadiliko ya upepo kabla hayajafika, kulitengeneza tanga kwa kilichopo. Lakini injini zimechukua nafasi ya matanga kwenye vyombo vingi, na mafundi wa ngalawa wanazidi kukosa miembe mikubwa ya kuchonga. Mafunzo ya pamoja ya watoto wa ghuba ya Msasani yangeweza kuanza msimu huu wa kaskazi, kwa ngalawa moja na Optimist mbili.