Mchanga wa Shela na Maji ya Lamu

Shela, katika kisiwa cha Lamu, hutajwa sana katika historia kwa ajili ya vita vilivyopiganwa ufukoni mwake yapata mwaka 1812, ambavyo watu wa Lamu waliwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa. Lakini nyuma ya ufuo huo yapo matuta ya mchanga ambayo yameulinda mji kwa muda mrefu kuliko silaha, kwa kuwa ndimo yatokamo maji yake.

Kisiwa cha Lamu hakina mto. Mvua inyeshapo juu ya matuta, sehemu yake kubwa haikimbilii baharini, bali hupenya kati ya chembe za mchanga na kutuama chini. Maji hayo, ambayo watu wa pwani huyaita maji baridi hata yakiwa na joto, ili kuyatenga na ya chumvi, ni mepesi kuliko maji ya bahari. Kwa hiyo huelea juu yake humo humo ardhini. Mwaka 1901 Mjerumani Herzberg, aliyechunguza visiwa vya Bahari ya Kaskazini, alieleza kipimo chake: kila futi 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na kiasi cha futi 40 chini ya usawa huo.

Hesabu hiyo ina upande wa pili. Maji yakishuka futi 1 juu, chumvi hatimaye yaweza kupanda futi 40 kutoka chini. Achotaye kwa ndoo na kamba hutwaa kidogo, kisha kisima hupumzika. Pampu haichoki, nayo huivuta chumvi. Tena matuta yakijengwa nyumba, mvua hukosa njia ya kupenya, na vyoo hukaribia maji.

Matuta hayo yamewekwa chini ya ulinzi wa sheria ya Kenya, na mji wa kale wa Lamu umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001. Lakini sheria hushika vema pale ambapo watu wanaijua sababu yake. Ukuta ulioanguka waweza kujengwa upya kwa mwaka mmoja. Kisima kilichoingiwa na chumvi huenda kikangoja mvua za miaka mingi.