Kubadilisha kioo cha pembeni chenye kipasha joto

Kioo cha pembeni cha gari kinapopasuka, madereva wengi hukatiwa kioo cha kawaida kikabandikwa juu ya kile cha zamani. Kwa gari lenye vioo vinavyopashwa joto, njia hiyo ina hasara: joto halipiti ipasavyo, na ukungu hubaki kiooni. Anayetoka Dodoma alfajiri kupitia Mtera kwenda kwenye baridi ya Iringa aweza asilione basi linalotaka kumpita.

Katika magari mengi, kioo hicho hukaa juu ya bamba la plastiki, na nyuma yake mna utando mwembamba unaopashwa na umeme wa volti 12.

Ili kukibadilisha, zima gari, vaa glavu na miwani, kisha bandika selotepu juu ya nyufa. Sukuma ukingo mmoja ndani ili wa pili utokeze, penyeza kijiti bapa cha plastiki na uvute taratibu. Chomoa nyaya 2 kwa kushika vichwa vyake. Ziunganishe na kioo kipya, kisha kibonyeze katikati kwa kiganja na kitambaa hadi kinase.

Washa injini na swichi ya kuondoa ukungu kwenye kioo cha nyuma, ambayo kwa kawaida hupasha na vya pembeni. Kisipopata joto, kagua fyuzi na viungo vya nyaya.

Muhimu zaidi, kioo kipya kiwe na mbinuko uleule. Kilichobinuka huonyesha eneo pana, lakini hufanya magari yaonekane mbali kuliko yalivyo.