Kura ya ndani ya chama: namna wagombea wanatafuta sauti za watu wao

Kura ya ndani ni ile chama kinafanya ili kupata mgombea wake mmoja. Wafaransa wanaiita primaire. Wenye kuipiga si raia wote: wengi ni wale wanapenda chama sana na wanafuata siasa kila siku. Ndiyo maana mgombea anazungumuza nao kwa njia ingine.

Mfano ni Ufaransa. Tarehe 20 na 27 Novemba 2016, vyama vya upande wa kuume na vya katikati vilipanga kura hiyo. Mpiga kura alilipa euro 2 kila mara, akatia sahihi kwamba anakubali maadili ya upande huo. Kila mara watu zaidi ya milioni 4 walikuja.

Ku sondaje za miezi mingi, Alain Juppé ndiye alikuwa mbele. Alitafuta pia watu wa katikati. François Fillon yeye aliongea na watu wa kuume wenyewe: alisema atapunguza kazi 500.000 za serikali, na atalinda jamaa namna Wakatoliki wengi walitaka. Alishinda kwa asilimia 66.

Lakini maneno yenye kufurahisha chama yanaweza kumufunga mgombea mbele ya raia wengine. Mwezi wa Januari 2017, Benoît Hamon alishinda kwa Wasosialisti, akiahidi kila raia pato la kila mwezi. Manuel Valls, mwenye alishindwa, akasema atamupigia Emmanuel Macron. Mwezi wa Aprili, Hamon akapata asilimia 6 tu.

Kwetu Kongo, sheria hailazimishi vyama kufanya kura ya ndani. Chama kinapeleka liste yake ku CENI, na mara nyingi wakubwa ndio wanaamua nani anaingia. Hata hivyo, wafuasi wako na nguvu. Tarehe 11 Novemba 2018, viongozi 7 wa upinzani walikutana Genève wakamuchagua Martin Fayulu. Kesho yake Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe wakaondoa sahihi zao, wakisema wafuasi wao wamekataa.

Basi mgombea akikuja ku mtaa wako, umuulize mambo mawili: nani alimuweka ku liste? Na yale anaambia watu wa chama chake, ndiyo anakuambia na wewe?