Mwenye Ufunguo wa Shule

Wiki hii tuzungumzie heshima shuleni baina ya watoto wasiofanana: wa dini hii na wa dini ile, wavulana na wasichana. Jambo hili likitajwa, macho yote humgeukia mwalimu. Historia inatutaka tumtazame pia mwenye shule, yaani serikali ya mahali. Tuchukue mfano wa Kinole, katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro.

Watu wa mjini huijua Kinole kwa ndizi na matunda. Zamani ilivuma kama makao ya Kingalu, jina la cheo linalorithiwa, ambaye watu walimwendea kwa matambiko ya mvua. Waingereza walipoanzisha utawala wa kupitia wenyeji katika miaka ya 1920, walimpa Kingalu cheo cha sultani. Ikawapo serikali ya wenyeji, yenye baraza, hazina na mahakama.

Wakati huo elimu ilikuwa zaidi mikononi mwa misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa Morogoro tangu miaka ya 1880, wakafika na Matombo, upande wa mashariki wa milima. Tuwatendee haki: waliwafundisha wengi kusoma. Lakini ruzuku ya mkoloni ilikwenda kwa shule zilizotimiza masharti yake, na vyuo vya Kurani havikuhesabiwa. Mzazi Mwislamu aliyetaka mwanawe ajue kusoma na hesabu alijiuliza: je, mtoto atarudi nyumbani na jina lile lile?

Hapo ndipo ilipoonekana thamani ya shule za serikali za wenyeji. Zilikuwa chache, tena duni, lakini hazikuwa za dhehebu lolote. Ziliendeshwa kwa kodi, na kodi haina msikiti wala kanisa.

Hata hivyo tusizipambe serikali zile. Mwaka 1955 watu wa Uluguru waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi milimani. Walikataa, ghasia zikazuka, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Baraza linaloamuru bila kusikiliza haliwezi kuwafundisha watoto kuheshimiana.

Baada ya Uhuru milango ilifunguliwa kwa sheria. Mwaka 1962 mifumo mitatu ya elimu, ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika, iliunganishwa kuwa mmoja. Machifu walivuliwa mamlaka mwaka 1963. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za misheni zilizopata fedha za umma chini ya serikali, na mtoto hakuulizwa tena dini yake mlangoni. Kisha mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa, zisirudi hadi 1984. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1977, wanakijiji walijenga madarasa, lakini halmashauri yao ya wilaya ya kuihoji haikuwapo.

Leo shule za msingi za umma ziko tena chini ya halmashauri, na mtihani wake mkubwa ni msichana. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mwanamke ndiye mlango wa ukoo. Lakini ni mila hiyo hiyo iliyomweka mwali ndani miezi mingi wenzake wakiwa darasani. Na msichana aliyepata mimba alifukuzwa, hadi serikali ilipotangaza Novemba 2021 kwamba aruhusiwe kurudi baada ya kujifungua.

Tangazo hutolewa makao makuu, lakini mtoto hurudi shule ya kijijini. Nani atamwandikisha? Nani atawakanya wanaomzomea? Nani atahakikisha kila dini ina kipindi chake, na mtoto asiyeona ana dawati lake? Ni kamati ya shule, ni diwani, ni ofisi ya elimu ya wilaya. Hawa ndio walioshika ufunguo uliokuwa zamani mikononi mwa padri na sultani.

Kwa hiyo, diwani akija kuomba kura, tusimuulize barabara na zahanati tu. Tumuulize pia ni watoto gani wa kata yake hawamo darasani, na kwa nini. Akikosa jibu, hajui ufunguo alioushika ni wa nini.